Joka Limependeza, Hadithi Iko Wapi?

Mpe mtu toleo la kwanza la katuni ya kinjozi, mwache alisome hadi mwisho, kisha lichukue mkononi mwake kabla hujamuuliza chochote. Swali liwe moja: nani anataka nini, na nini kinamzuia? Akijibu kwa kueleza picha, "kuna joka moja limejizungusha kwenye mnara, magamba yake utadhani unayashika", mchoraji kafanya kazi yake na hadithi haikufanya yake. Akijibu kwa vitendo, "yule binti anataka kumtoa kaka yake mgodini, ila mlinzi wa lango ni mjomba wao", toleo la pili atalitafuta hata kama michoro ni ya kawaida.

Wanaohariri katuni za aina hii hulisikia jibu la kwanza mara nyingi mno, na chanzo chake karibu kila mara ni kilekile. Picha nzuri humsimamisha msomaji. Hadithi humtaka afunue ukurasa. Nguvu hizi mbili huvutana kwenye kila karatasi, na asipokuwepo mtu wa kuamua, ukurasa kwa ukurasa, ipi itangulie, picha ndiyo hushinda, kwa kuwa ndiyo anayoipenda mwenye kalamu.

Tuanze na hesabu, maana wengi huiruka. Chukua toleo la kurasa 24, la kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati. Karatasi zake hukunjwa, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukurasa wa wastani una fremu 5, yaani visanduku 5 vya picha. Hapo una fremu 120. Sasa mchoraji anataka picha 2 kubwa za kurasa mbili zinazotazamana, na kurasa 3 za picha moja moja. Kurasa 7 zimeondoka, zimekuachia picha 5. Zilizobaki ni kurasa 17, yaani fremu 85, na jumla ni 90. Mazungumzo ya watu wawili ambamo kitu kinabadilika hula fremu 8 hadi 12. Mkimbizano unaoeleweka hula 15 hadi 20. Fremu 90 basi ni matukio 7 hivi.

Mwandishi aliyepanga matukio 14 atalazimika kuyaminya, na vinavyominywa kwanza ni vile vipande vidogo vya mtu kusikia, kuelewa na kuamua. Joka haliminywi. Ndiyo maana msomaji huona shujaa akiwa kijijini kwenye ukurasa wa 9 na akiwa juu ya farasi kwenye ukurasa wa 10, naye hajui aliondoka kwa hasira, kwa hofu au kwa tamaa. Muswada ulisema. Fremu ya kulionyesha hilo ndiyo iliyotolewa kafara ili mnara upate nafasi.

Ongeza juu yake utangulizi wa historia. Katuni za kinjozi zina ugonjwa wa kuanzia miaka elfu moja iliyopita: falme tano, vita vya miungu, jiwe lililopasuka vipande saba. Kurasa 5 za namna hiyo ni fremu 25, zaidi ya robo ya zile 90, na ndani yake hamna hata mtu mmoja ambaye msomaji atakutana naye tena. Kinachozilinda ni uzuri wake; mara nyingi ndizo kurasa zilizochorwa kwa mapenzi kuliko zote, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuzigusa. Jaribio lake ni rahisi. Zifiche, soma kuanzia ukurasa wa 6, na utie alama kila mahali ambapo mgeni angekwama kwa kukosa habari. Kwa kawaida hutokea sehemu 2 au 3 tu, na kila moja hutibika kwa sentensi moja kinywani mwa mtu anayeihitaji habari hiyo wakati huohuo. Kurasa za historia zisitupwe. Mwishoni mwa kitabu, baada ya msomaji kuwapenda watu, zitasomwa kwa hamu.

Majina nayo yana kikomo. Watu watatu na mahali pamoja katika kurasa 10 za kwanza, basi. Jina la nne likiingia, la kwanza linasahaulika. Na asikudanganye mtu kwamba kundi la mashujaa sita linaweza kuwa na wahusika wakuu sita ndani ya kurasa 24. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mmoja atake, wengine wamsaidie au wamkwamishe.

Kuifunga njozi isitawanyike si ufundi wa leo. Winsor McCay alipoanza mwaka 1905 kuchora kwenye gazeti la New York Herald ndoto za mtoto aitwaye Nemo, alikuwa na uhuru wa kuchora lolote lililomjia, na alilichora. Lakini kila ukurasa ulikuwa na kamba mbili. Nemo alitakiwa kumfikia binti mfalme wa nchi ya usingizi, na katika fremu ya mwisho mtoto aliamka, akiwa kitandani au kaanguka sakafuni. Kwa hiyo kila ajabu iliyochorwa katikati ilikuwa njia ya kumfikia binti huyo, au kitu cha kumwamsha kabla hajafika. Lengo lipo na kizuizi kipo, navyo vyote vimo ndani ya usingizi wenyewe. Msomaji aliweza kutazama picha kwa raha zake zote bila kupotea.

Mfano wa pili hutumiwa vibaya. Katika miaka ya 1960, kwenye kampuni ya katuni ya Marvel, mwandishi Stan Lee mara nyingi alimpa mchoraji muhtasari tu. Mchoraji akapanga na kuchora kurasa zote, kisha maneno yakaandikwa juu ya picha zilizokwisha. Njia hiyo ilizaa matunda kwa sababu wachoraji wenyewe, akina Jack Kirby na Steve Ditko, walikuwa wasimulizi kabla ya kuwa kitu kingine. Ikabidhi kwa mchoraji ambaye nguvu yake ni maumbo na mwanga, utapata kurasa 24 za kupendeza na mwandishi anayehangaika kuziba nyufa kwa maneno, kama fundi anayepiga lipu juu ya ukuta uliopinda.

Vivyo hivyo Moebius, Mfaransa anayetajwa na kila anayetaka kuchora bila mpango. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 alitunga hadithi ndefu kwa kubuni papo kwa papo, kurasa chache kwa kila toleo la jarida. Linalosahaulika ni kwamba tangu mwaka 1963 alikuwa akichora hadithi za wapanda farasi wa magharibi ya Marekani kwa muswada wa Jean-Michel Charlier, mwandishi wa visa vilivyofungwa barabara. Mkono wake ulishajua mahali pa kuweka sura ya mtu, mahali pa kuacha mlango wazi, lini abadilishe eneo. Anayemwiga bila ile miaka anaiga nusu iliyo rahisi.

Mahali pa kutibu ugonjwa huu ni michoro midogo ya rasimu, ile inayotangulia penseli. Ichore kwa ukubwa wa sentimita 4.5 kwa 6.5 kwa ukurasa, kurasa mbili mbili kama zitakavyotazamana kitabu kikifunguliwa, jozi 6 kwenye karatasi ya A4. Toleo zima linaingia kwenye karatasi 2, ukiziweka kurasa ya 1 na ya 24 kwenye jozi moja japo hazitazamani, na pembeni inabaki nafasi ya kuandika. Tumia maka peni nene. Siyo ubahili wa vifaa. Kwa kalamu nene huwezi kuchora magamba, kwa hiyo unabaki na nani yuko wapi na anaelekea wapi. Rasimu ya kurasa 24 ni kazi ya siku 2 au 3. Ukurasa mmoja uliokamilika kwa penseli, wino na rangi, kwa mkono wa kasi ya kawaida, hula siku 2 hadi 4. Kosa la hadithi likionekana kwenye rasimu linakula dakika 20. Likionekana kwenye rangi linakula wiki, na mara nyingi halirekebishwi kabisa, kwa huruma tu ya kazi iliyokwisha fanyika.

Chini ya kila jozi andika sentensi moja ya kinachotokea, na kati ya sentensi na sentensi weka neno la kuunganisha. Likija "kwa hiyo" au "lakini", endelea. Likija "halafu" mara tatu mfululizo, simama. Safari ndiyo mtego mkubwa hapa: jangwa, halafu msitu, halafu bahari, halafu mji unaoelea. Maeneo hayo yamechaguliwa kwa sababu mchoraji anatamani kuyachora, na si dhambi, ila kila eneo lazima limnyang'anye shujaa kitu au limpe sharti. Jangwani wanamaliza maji, kwa hiyo wanaingia msitu waliokatazwa. Msituni wanapata maji, lakini anayewapa anadai mmoja wao abaki. Jangwa ni lilelile na msitu ni uleule, hata picha hazikubadilika.

Rasimu ikiwa mbele yako, angalia pia mkunjo. Katika kitabu kinachosomwa kushoto kwenda kulia, ukurasa wa 1 uko kulia, kwa hiyo kurasa zenye namba shufwa ziko kushoto na huonekana ghafla karatasi inapofunuliwa. Jambo la kushtua likae juu ya ukurasa wa namba shufwa. Swali linaloliandaa likae fremu ya mwisho ya ukurasa wa namba witiri ulio kabla yake. Joka likikaa kwenye ukurasa wa 7, msomaji ameshaliona kwa pembe ya jicho akiwa bado anasoma wa 6, na mshtuko umekufa. Picha ya kurasa mbili ni lazima ianzie namba shufwa. Ndiyo maana kuongeza ukurasa mmoja tu dakika za mwisho huvuruga toleo zima: kila picha kubwa iliyo mbele yake inakatika katikati. Ongeza mbili au punguza mbili, kisha fidia mahali pengine ili jumla ibaki ikigawanyika kwa 4. Kwa katuni ya kusomwa kwenye simu kwa kushusha skrini, mkunjo haupo na kazi yake hufanywa na nafasi tupu kati ya fremu. Ile picha pana ya kurasa mbili huwa ukanda mwembamba usioonyesha kitu, hivyo igeuzwe kuwa ndefu mapema.

Sasa michoro yenyewe, kwa sababu kuna uzuri unaoficha. Mchoraji hodari hupenda kujaza kila fremu: mawe, mizizi, ukungu, ndege watatu angani. Fremu ya kwanza ya kila tukio inastahili hayo yote, ili msomaji ajue yuko wapi. Zinazofuata hazistahili. Punguza mandhari hadi mistari michache, na pale mtu anapoamua jambo zito acha rangi tupu nyuma yake. Kila kitu kikiwa na uzito mmoja, jicho halijui pa kwenda, na msomaji huiruka ile fremu ambayo hadithi ilikuwa ndani yake. Kipimo: geuza ukurasa uwe wa kijivu na uupunguze hadi upana wa sentimita 3. Kama hujui mhusika mkuu yuko wapi katika kila fremu, hata msomaji hatajua.

Mavazi yana hesabu yake. Shujaa anaonekana kwenye fremu 60 hivi kati ya zile 90. Ukimvisha deraya yenye vifungo 14, umejiandikia vifungo 840. Ifikapo ukurasa wa 15 mkono umechoka, na bila mchoraji kujitambua shujaa huanza kuonekana kwa mbali, kwa mgongo, au kiuno kikiwa nyuma ya mwamba. Msomaji anaona tu kwamba mtu aliyeanza kumpenda ameondoka karibu naye. Mhusika mkuu atambulike kwa vitu vitatu: umbo lake akiwa kivuli, rangi moja, na kifaa kimoja. Nakshi zote mwekee mfalme anayeonekana mara moja kwenye kiti chake.

Mapigano ndipo fedheha inapokuwa kubwa. Kurasa 6 za panga na miali, kisha mtu anauliza, "nani kashinda?" Kabla ya kuchora pigano, chora ramani yake ukiwa juu kama ndege: lango liko wapi, daraja liko wapi, nani anaanzia upande gani. Vuta mstari kutoka kwa mpiganaji mmoja hadi kwa mwenzake, na kila fremu ichore ukitazama kutoka upande uleule wa mstari huo, ili anayesonga kulia aendelee kusonga kulia. Ukiuvuka bila fremu ya kumwandaa msomaji, ataona shujaa kageuka na kukimbia. Kila ukurasa wa pigano ubadilishe hali: upanga umevunjika, daraja limekatika, mwenzao kakamatwa. Ukurasa usiobadilisha kitu ni bango, hata kama ni bango zuri.

Uchawi una shida mbili. Ya kwanza ni ya rangi: mng'ao unaoongezwa mwishoni hufunika pale hasa panapotakiwa kuonekana nani kampiga nani. Mpe kila mchawi rangi yake na umbo lake la mwali, mmoja nyuzi, mwingine duara. Ya pili ni ya hadithi. Uchawi usio na gharama hauna mvutano, na gharama iliyoelezwa wakati wa kilele huonekana imebuniwa palepale. Ionyeshe mapema kwa jambo dogo: ukurasa wa 4 binti anawasha mshumaa kwa kidole na kucha yake inageuka nyeusi, fremu 2 tu, hakuna anayesema neno. Ukurasa wa 21 atakapouinua mkono wote, msomaji atajua kitakachotokea kabla yake.

Waandishi nao wasijifiche nyuma ya mchoraji. "Anachomoa upanga, anaruka ukuta na kumtazama ndugu yake kwa huzuni" haichoreki kwenye fremu moja. Fremu moja, kitendo kimoja. Mchoraji akipewa vitendo vitatu atachagua kile kinachopendeza, nacho hakitakuwa huzuni.

Kama kurasa zote zimeshachorwa na ndipo kasoro imeonekana, bado yapo ya kufanya. Kwanza toa maneno yote na umpe mtu asiyejua hadithi, akusimulie anachokiona kwa sauti. Nyamaza, tia alama kila anapokosea. Pale anapokosea kuhusu nani au wapi, tatizo ni la mchoro. Pale anapopatia yote lakini hajali, sura ndizo zinakosekana. Hapo punguza picha moja ya ukurasa mzima iwe theluthi mbili, na katika theluthi iliyopatikana chora fremu 3 ndogo za nyuso, bila mandhari. Fremu 6 hadi 9 za namna hiyo katika toleo zima ni kazi ya siku moja au mbili, na huibadilisha hadithi kuliko ambavyo kurasa 3 mpya zingeibadilisha. Kanuni inayosaidia: baada ya kila ajabu, uso wa mtu anayeitazama. Kisha jaribu kuhamisha kurasa, ukikumbuka shufwa na witiri. Kuandika upya maneno kuwe kwa mwisho kabisa, ingawa wengi huanzia hapo kwa kuwa ni rahisi.

Na maneno hayo, kwa Kiswahili, yana mambo ambayo miongozo ya katuni za Kiingereza haiyaoni. Kuna kanuni ya zamani ya wahariri wa Marekani: maneno yasiyozidi 35 kwa fremu, na 210 kwa ukurasa wa fremu 6. Kwetu ukiifuata hivyo, viputo, zile duara zenye maneno ya wahusika, vitafunika joka. "Nitakuonyesha" ni neno moja, herufi 13. Mtenda, wakati, mtendwa na kitendo vyote vimo. Shika maneno 20 hadi 22 kwa fremu, na kiputo kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, la sivyo utakata maneno katikati kila mstari. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi, nitaku-onyesha, kamwe si nitakuon-yesha.

Kisha "a-" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. "Alimwambia amfuate" katika kisanduku cha msimulizi, juu ya fremu yenye watu wanne waliovaa majoho, ni fumbo. Ama taja jina, ama picha imwonyeshe mmoja tu akifungua mdomo. Anayesema kwanza akae kushoto mwa fremu. Akikaa kulia, mikia ya viputo itapishana kama kamba za mbuzi.

Na joka lenyewe. Limekuja, au amekuja? Vyote viwili hutamkwa, na katuni nyingi huchanganya bila kujua: ukurasa wa 5 "limeamka", ukurasa wa 12 "amesema", ukurasa wa 13 "likacheka". Amua mapema. Kwa wanakijiji wanaolikimbia, liwe "li-" tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa binti, iwe "li-" hadi ule ukurasa ambao joka linamwambia jina lake, na kuanzia kiputo kinachofuata binti aseme "a-". Hapo hakuna haja ya picha ya kurasa mbili. Fremu ya ukubwa wa kawaida inatosha, uso wa binti tu, na nyuma yake rangi tupu.